Usiache chuo na umebakisha mwaka mmoja

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama uiache stashahada yako ya uhasibu, na umebakisha mwaka mmoja, uende hoteli za watalii za Nungwi, Unguja, ambako wenzako wa skuli wameshaanza kupata mshahara na bahashishi. Umesema pia nyumbani Pemba hali ni ngumu na unaona haya kila ukimuomba mzee ada na nauli ya boti. Nakujibu kama dada yako. Mimi ni wa Wete, nimesoma kwenye dhiki hiyohiyo, na sasa nafanya kazi kitengo cha hesabu katika hoteli moja upande wa Kiwengwa.

Usiache.

Wenzako unawaona Julai na Agosti, pwani imejaa. Njoo uwaone Aprili, masika yameshika, hoteli kadhaa zinafunga milango mpaka mvua ipite. Wa kwanza kurudishwa makwao ni vibarua na wenye mikataba ya msimu. Mwaka 2020 ilikuwa mbaya zaidi. Machi ndege za watalii zilisimamishwa kwa ajili ya korona, na watu wa mapokezi na jikoni, wachapakazi hasa, wakakaa nyumbani wakisubiri kupigiwa simu. Mwenzetu mmoja wa hesabu, aliyemaliza stashahada yake, alipata kazi mjini kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka hakujali kwamba hajawahi kuuza saruji. Alitaka mtu wa kumfungia vitabu vyake, na cheti kilionesha kwamba huyu anaweza. Wenzako wa Nungwi siwadharau hata kidogo, riziki yao ni ya halali. Lakini wageni wasipokuja, hawana pengine pa kushika.

Tena usiridhike na kupasi tu. Hili vijana wengi hawaambiwi mapema. Stashahada unaipata hata kwa GPA, yaani wastani wa alama zako, ya 2.0, lakini ukitaka kuendelea na shahada, vyuo vikuu vyetu vinataka angalau 3.0 kwa anayetokea stashahada. Nina wenzangu tuliokaa nao darasa moja, walipotaka kuomba chuo kikuu kule Tunguu wakakuta hawafiki, na ada ile wazee wao wameilipa yote. Na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu haikupi mkopo wa shahada kama chuo chenyewe hakijakupokea. Kwa hiyo mwaka huu mmoja uliobaki ndio wa kuzipandisha alama zako. Kama kuna somo ulilofeli ukalibeba, lisafishe.

Nikwambie kitu cha kazini. Miaka ya nyuma, jioni mapokezi walikuwa wakituletea makusanyo ya siku: dola, yuro, shilingi na risiti za kadi. Siku moja hesabu za msichana wa zamu zilipungua. Meneja alishaanza kusema akatwe mshahara, na yule binti machozi yanamlengalenga. Nikazipanga risiti kwa saa zake. Mgeni alilipa asubuhi kwa dola usiku mbili, mchana akabadili safari, akarudishiwa usiku mmoja kwa shilingi, na hapo katikati kiwango cha kubadilishia fedha kilikuwa kimeshabadilishwa. Hakuna aliyechukua hata senti. Ile ilikuwa hasara ya kubadilisha fedha, ina akaunti yake, nikaiandika huko na hesabu zikakaa sawa. Mada hiyo mwalimu wetu alitukomalia mpaka wengine wakawa wanamkimbia. Ningekuwa nimeikariri kwa ajili ya mtihani tu, mtoto wa watu angelipa pesa asiyoila, na pengine angeitwa mwizi.

Hapo ndipo ninaposema elimu ina faida, wala sizungumzii mshahara peke yake.

Kuhusu mzee wako, nakuelewa sana. Baba yangu alinisomesha kwa karafuu. Mwaka mikarafuu ikizaa, nyumba nzima tunachuma, tunachambua mpaka usiku, tunaanika majamvini, zinapelekwa ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, na ada inalipwa. Mwaka unaofuata miti inaweza isitoe cha maana, na chuo kinadai vilevile. Sasa mdogo wangu wa mwisho yuko dakhalia, skuli ya bweni, na ada yake naitoa mimi, mikarafuu izae isizae. Baba haendi tena kukopa kwa mtu.

Kama unahitaji pesa, likizo yako ndefu ndiyo hiyohiyo miezi ya wageni wengi. Peleka barua za maombi tangu Mei, hoteli zikiwa zinajiandaa kufungua, na omba kitengo cha hesabu au stoo hata kama malipo ni madogo kuliko ya kubeba mizigo, kwa sababu kazi hiyo utakuja kuitaja kwenye maombi ya ajira. Na ikiwa ada imekwama kabisa, usitoweke kimyakimya. Nenda kwa msajili uombe kulipa kwa awamu. Ikishindikana, andika barua ya kuahirisha masomo na uhakikishe unajibiwa kwa maandishi, ili ukirudi usije ukaambiwa uanze upya. Fanya hivyo kabla mitihani ya muhula huu haijaanza, halafu uniandikie wamekujibu nini.