Muulize Mkunga: Kabla ya Jina, Pimeni Chumvi

SWALI: Dada mkunga, salamu. Mjukuu wangu ana siku kumi na moja. Alipozaliwa muuguzi alimfunua, akamfunika, akanyamaza. Huko chini pana kama uume mdogo, lakini korodani hatuzioni. Mamake hataki jirani aingie ndani. Babu anasema akatwe tumalize aibu. Tangu juzi anatapika maziwa. Tumpe jina la kiume au la kike?
Nyanya, Kilifi

JIBU: Nyanya huyu nilimpigia simu siku ileile, gazeti lingechelewa. Nawaandikia ninyi wengine niliyomwambia.

Mama, jina lingoje. Umelitaja la kutapika kana kwamba ni dogo, kumbe ndilo lililonitoa kitini. Juu ya figo pana tezi mbili. Kuna watoto ambao tezi zao zimekosa kimeng'enya kimoja, basi haziwezi kutengeneza homoni za kutosha za kushika chumvi mwilini. Zinajikakamua, na kinachofurika ni homoni za kiume. Mtoto wa kike, mwenye mji wa mimba na ovari zake, huzaliwa kinembe kimekua hata kikafanana na uume. Chumvi nayo inapotea kwenye mkojo, na mara nyingi wiki ya pili au ya tatu mtoto huanza kutapika, analegea, hanyonyi. Nilipokuwa kijana wodini tulimpoteza mmoja hivyo, tukidhani ni tumbo. Dawa ni vidonge, haidrokotisoni na fludrokotisoni, kila siku maisha yote.

Si kila huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume waziwazi, ana maradhi haya. Wengi ni wazima kabisa. Ila bila kupimwa damu hujui.

Nikamwambia: mpelekeni usiku huu kwa daktari wa watoto, semeni wazi alivyozaliwa, msimfunike. Walifika saa tano. Sodiamu, yaani chumvi ya damuni, ilikuwa chini mno.

Babu naye nilimwomba aje kwenye simu, nikamwambia: Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inakataza kumbadilisha au kumwondoa kiungo mtoto huntha bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki, yaani mambo ya kurithi. Alinyamaza, kisha akauliza kama wako wengine. Sensa ya 2019 ilihesabu 1,524 nchini, nikamjibu, na mimi nadhani wengi zaidi walikuwa wamefungiwa chumbani karani alipobisha.

Ama jina, nimezalisha akina Riziki na Amani wa kike na wa kiume.