Pikapu ya umeme kwenye barafu: chunga mguu unapouinua

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kuendesha pikapu ya umeme wakati wa baridi kali huanza na betri. Itafika kweli? Haitanizimikia njiani? Nitafika huko, lakini betri siyo inayoingiza watu mtaroni. Kinachowaingiza mtaroni ni mguu wa kulia, tena si pale unapokanyaga, ni pale unapoachia.

Gari la mafuta ukiliachia pedeli ya mwendo linapunguza kasi taratibu. La umeme lina tabia yake. Ukiachia tu, mota inageuka jenereta na kuanza kuyazuia magurudumu ili umeme urudi kwenye betri. Kwenye lami kavu hiyo ni raha, unaweza kuzunguka mjini bila kugusa breki. Kwenye barafu, kuachia ghafla ni kufunga breki ghafla, na kama kazi hiyo inafanywa zaidi na mota ya nyuma, basi matairi ya nyuma ndiyo yanayoachia barabara kwanza. Hapo mkia unataka kutangulia kichwa.

Hili usiliamini kwa kusoma. Tafuta eneo la maegesho lililo tupu, lisilo na nguzo wala kingo karibu, lenye theluji iliyoshindiliwa. Mimi niliiweka breki ya kurudisha umeme kwenye kiwango cha juu kabisa, nikaenda kilomita 30 kwa saa, nikakata usukani kidogo kushoto, kisha nikainua mguu kwa mkupuo. Nyuma ilichomoka kulia papo hapo. Taa ya kudhibiti utelezi ikawakawaka kwenye dashibodi, na kompyuta ikailegeza mota. Nikarudia vilevile baada ya kushusha kiwango hadi chini: gari likakata kona kimya kimya. Tofauti hiyo ukishaisikia kwenye kiti, huisahau. Na usitegemee kwamba kompyuta itakuokoa kila mara, maana inaingia kazini baada ya tairi kuanza kuteleza, na kwenye daraja jembamba nafasi ya kuteleza hata kidogo huna.

Kwa hiyo barabara ikiwa na barafu, shusha kiwango cha kurudisha umeme. Pikapu nyingi zina hali ya kuendeshea kwenye theluji, ambayo pia hulainisha pedeli ili nguvu isitoke yote kwa mpigo. Soma kitabu cha gari lako uone hali hiyo inabadilisha nini hasa, kwa sababu si kila kampuni imeipanga namna moja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi dukani. Betri ya lithiamu ikiwa baridi sana haipendi kupokea umeme kwa kasi; chini ya nyuzi sifuri chaji kubwa inaweza kuiharibu seli kwa ndani. Kompyuta inajua hilo, hivyo inaipunguzia nguvu breki ya kurudisha umeme mpaka betri ipate joto. Betri ikijaa hadi asilimia 100 nayo haina pa kuuweka umeme, matokeo ni yale yale. Kwa hiyo asubuhi unaachia pedeli na gari linaserereka mbele kama halijakusikia, halafu baadaye, safari ile ile, mguu ule ule, linashika. Baadhi ya magari hufidia kwa breki za kawaida, mengine hapana. Kiwango cha chini kinakusaidia hapa pia: tofauti kati ya asubuhi na mchana inakuwa ndogo, na mguu unajua wa kutarajia nini.

Gari likishaanza kuserereka, ule ushauri wa zamani wa "toa mguu" unahitaji marekebisho. Usiutoe wote. Urudishe taratibu mpaka kipimo cha nguvu kwenye dashibodi kikae sifuri, yaani gari halivuti wala halizuii, huku macho yakitazama unakotaka kwenda na usukani ukifuata macho. Ukishindwa kuipata sehemu hiyo, tia nyutro. Na aliyezoea matope aache mazoea yake: kwenye matope kukanyaga kwa nguvu wakati mwingine kunasafisha tairi na kukutoa, kwenye barafu kunaisugua barafu mpaka ing'ae.

Uzito nao una maneno mengi. Ford F-150 Lightning inakaribia tani 3, GMC Hummer EV inapita tani 4. Watu husema zito hushika barabara. Kuondoka, sawa, magurudumu yote manne yakiwa yanavuta gari linaondoka vizuri. Kusimama ni habari nyingine. Piga hesabu: kwa kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, breki zinahitaji mita 12 hivi. Kwenye barafu laini zinakaribia mita 100, na hapo bado hujahesabu muda wa akili kushtuka. Shuka hadi kilomita 30, zinabaki kama 35. Uzito hauzifupishi mita hizo. Unachofanya ni kuongeza kishindo cha kile utakachokigonga. Hata mota nne haziufupishi umbali wa kusimama kwenye barafu. Shida ya mota hizo ni kwamba gari linaondoka vizuri mno, dereva anadhani barabara ni nzuri. Mimi, barabara ikiwa imenyooka na nyuma hakuna mtu, naigusa breki kidogo kila mara nisikie hali iliyopo.

Mifuko ya mchanga ambayo watu huipakia nyuma ili matairi yashike, iachie pikapu za mafuta, ambazo mkia wake ni mwepesi. Ya umeme imelalia betri katikati ya ekseli mbili, na mzigo wa ziada unakula umbali bure.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua matairi ya baridi. Usinunue pikapu yenye mota nyingi zaidi, nunua matairi. Mpira wa kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kabla barafu haijaonekana. Tazama ubavuni: alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ina maana tairi limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazina uzito huo. Hakikisha pia namba ya uwezo wa mzigo haipungui ile aliyotaja mtengenezaji, kwa sababu matairi mengi yanayoenea kwenye rimu yako hayakutengenezwa kubeba tani 3. Upepo wa matairi pia hupungua, takriban PSI 1 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) kwa kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, kwa hiyo pima asubuhi kabla hujaondoka.

Baridi kali haiogopeshi kama nyuzi sifuri. Karibu na sifuri barafu ina utando wa maji juu yake na ndipo inapoteleza zaidi. Madaraja huganda mapema kwa kuwa upepo unayapoza juu na chini. Kipimo cha joto kikisoma kati ya 2 na hasi 2, punguza mwendo kabla ya daraja, siyo juu yake.

Sasa betri. Kupoteza robo hadi theluthi ya umbali si ajabu, na safari fupi fupi ndizo zinazokula zaidi kwa kuwa kila mara unaanza kupasha joto upya. Washa hita gari likiwa bado kwenye chaja, ili joto la kwanza litokane na umeme wa ukutani, si wa betri. Ukiwa njiani, joto la viti na usukani linatumia umeme kidogo kuliko la hewa. Ukielekea kwenye chaja ya kasi, iandike kwenye ramani ya gari. Magari mengi yatapasha betri yakiwa safarini, vinginevyo utachaji polepole mno.

Breki za kawaida, kwa kuwa zinatumika kidogo, hupata kutu upesi kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi. Pale panapokauka na pasipo na mtu nyuma, zikanyage vizuri mara kadhaa ili diski zisafike. Na kabla ya kuondoka futa taa, kamera na sehemu ya mbele yenye rada. Taa za LED hazitoi joto mbele kama balbu za zamani, theluji haiyeyuki yenyewe, unaweza kuendesha nusu saa ukishangaa kwa nini usiku umekuwa mweusi hivyo.