Maswali ya Wasomaji: Redio, Wagombea na Mizani ya Siasa

SWALI: Kila asubuhi redio moja hapa mjini humkaribisha mgombea yule yule wa ugavana. Wapinzani wake hatuwasikii ila wakitajwa kwa ubaya. Je, sheria haidai kila mgombea apewe dakika sawa?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

JIBU: Dakika sawa, hapana. Kifungu cha 46I cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya kinamtaka mwenye leseni ya utangazaji atoe habari kwa usahihi na bila mapendeleo. Panapojadiliwa jambo lenye utata linalogusa umma, afanye juhudi za kutosha kuleta maoni ya upande mwingine, ama katika kipindi hicho hicho au katika vipindi vingine wakati jambo lenyewe lingali moto. Hapo kwenye “vipindi vingine” ndipo malalamishi mengi hufia. Mtu husikiliza asubuhi tu, akaandika barua, kisha kituo kikamjibu kwamba mpinzani alihojiwa kesho yake saa mbili usiku.

Kwa hiyo fuatilia kituo kizima. Chukua daftari, lipige mistari, na kwa wiki mbili uandike tarehe, saa kipindi kilipoanza na kilipokwisha, jina la kipindi, mtangazaji, mgeni na dakika alizozungumza. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito: je, aliyeguswa alipewa nafasi ya kujibu, na lini? Gawaneni zamu watu watatu, maana peke yako utasinzia. Simu iwekwe karibu na spika na ianze kurekodi kabla ya kipindi, inase jina la kituo na saa ikitajwa. Rekodi isiyo na viwili hivyo ni rahisi kukanwa.

Ukimaliza, kiandikie kituo kwanza na ubaki na nakala. Kikinyamaza, nenda kwa Tume ya Malalamishi iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Usiandike “redio hii inapendelea”, kwa kuwa sentensi hiyo haina cha kuchunguzwa. Andika kwamba tarehe fulani, saa 1:20 asubuhi, mgombea fulani aliitwa mnyakuzi wa ardhi, na hakutafutwa ajibu siku hiyo wala siku saba zilizofuata. Kifungu hicho hicho cha 46I kinakitaka kituo kitunze kumbukumbu za matangazo yake kwa mwaka mmoja, basi ukitaja saa kamili hawana pa kujificha.

Kama kituo ni cha serikali, hoja yako ina nguvu zaidi. Katiba, kifungu cha 34(4), inavitaka vyombo vya serikali visiegemee upande wowote na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana, hata yale yanayoipinga serikali yenyewe.

SWALI: Kwa nini serikali isiweke afisa studioni azime wanaopendelea?
*Msomaji, Bungoma*

JIBU: Kwa sababu serikali nayo ina upande. Tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani wakati huo, Raila Odinga, alipokuwa akila kiapo cha kujitangaza “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, televisheni za Citizen, NTV na KTN zilizimwa, na Mahakama Kuu ikalazimika kuamuru zirejeshwe hewani. Waliopoteza siku zile ni watazamaji wa pande zote. Marekani nao walikuwa na kanuni ya mizani tangu 1949, iliyovitaka vituo vitoe pande zote za mada zenye ubishi. Waliifuta 1987, moja ya hoja ikiwa kwamba vituo viliogopa usumbufu, vikaona heri kutogusa mada zenye ubishi. Tunaamini sheria yetu inafaa kubaki, lakini mwamuzi awe mtu anayesikiliza rekodi na kuandika sababu za uamuzi wake. Swichi haisikilizi mtu.

SWALI: Nawania uwakilishi wadi. Redio inataka nilipe ndipo nihojiwe. Ni halali?
*Mgombea, Njoro, Nakuru*

JIBU: Kununua muda wa tangazo ni halali. Kununua habari ni hongo. Omba orodha ya bei ya kituo, lipa kwa akaunti ya kituo wala si kwa simu ya mtangazaji, na udai risiti. Kisha sisitiza kipindi kitajwe wazi kuwa kimelipiwa. Pia uliza mpinzani wako atauziwa kwa bei gani, na jibu lake ulitake kwa maandishi.

Angalia na kalenda. Kampeni hukoma saa 48 kabla ya siku ya kupiga kura, kwa hiyo hakikisha ratiba ya matangazo yako haivuki hapo. Matokeo ya kura za maoni, yaani tafiti za nani anaongoza, hayaruhusiwi kutangazwa ndani ya siku 5 kabla ya uchaguzi, chini ya sheria ya 2012.

SWALI: Natayarisha mjadala wa jioni. Mgombea mmoja hujificha kila nikimwalika. Nifute kipindi?
*Mtayarishaji, Kakamega*

JIBU: Usifute, la sivyo yeyote atakayekwepa atakuwa na uwezo wa kuwanyamazisha wenzake. Tuma mwaliko kwa maandishi siku tatu kabla, ukitaja mada, saa na wageni wengine. Rudia siku ya kipindi, na uhifadhi jumbe zote. Mpe njia rahisi: dakika tano kwa simu, au taarifa ya kusomwa. Hewani sema tu, “Tulimwalika Jumatatu na leo asubuhi, hakufika.” Usiongeze mzaha wala kukisia sababu.

Kisha mtangazaji aulize maswali ambayo huyo asiyekuwepo angeyauliza. Hapa ndipo vipindi vingi huharibika: wageni waliobaki huachiwa uwanja, saa nzima ikawa mkutano wa hadhara. Andaa maswali manne kutoka kwa manifesto yake au kauli zake za hadharani, yachapishwe na kuwekwa mezani mbele ya mtangazaji. Wanaopiga simu wapitie kwako kwanza, ukiwapokea kwa zamu za pande zote, na kidole kisiwe mbali na kitufe cha kukata laini: matamshi ya chuki ni kosa chini ya Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, yawe yametoka kwa mgeni au kwa msikilizaji.