Katika Mpunga Hai, Mbegu Hutangulia Mbolea

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza ni mbolea gani ya asili inayoweza kushika nafasi ya urea, mbolea ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, katika shamba la mpunga hai, yaani unaolimwa bila mbolea wala dawa za viwandani. Swali lake ni zuri, lakini jibu langu linaanza na swali jingine: anapanda aina gani?

Aina fupi za kisasa, kuanzia IR8 iliyotolewa mwaka 1966, zilizalishwa ili zihimili nitrojeni nyingi bila kulala, yaani bila mashina kuanguka chini, kwa hiyo zikikosa nitrojeni ya haraka hazitoi uwezo wake wote. Aina nyingi ndefu zenye harufu nzuri zina tabia tofauti: huridhika na chakula kinachoachiliwa polepole na mboji, na zikishibishwa kupita kiasi hulala kabla punje hazijakomaa, tena hushambuliwa zaidi na ugonjwa wa kuvu uitwao blasti. Ndiyo maana nilichagua mpunga wa kunukia, na mavuno yangu ya msimu huu yamenipa haki ya kulisema hili kwa sauti.

Mbegu nazichagua kwa maji ya chumvi yaliyokolea kiasi cha yai bichi kuelea. Mapepe, yaani punje tupu, yanayopanda juu nayaondoa, na zilizozama nazisuuza vizuri. Kabla ya kupandikiza, naotesha azola, mmea mdogo unaoelea majini, katika jaruba lililofurika kisha naizika kwenye tope, kwa kuwa bakteria wanaoishi ndani ya majani yake hunasa nitrojeni kutoka hewani. Miche naihamisha ikiwa na umri wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, kwa kufuata mfumo uliobuniwa Madagaska na padri Henri de Laulanié katika miaka ya 1980.

Jaruba lililopandwa hivyo huonekana tupu mwanzoni. Mtaalamu mmoja alitamka mbele ya wakulima wenzangu kwamba ninachezea ardhi, na maneno hayo yananiuma hadi leo. Laiti angerudi wakati wa machipukizi! Ningemng'olea shina kutoka katika jaruba ninalolilowesha na kulikausha kwa zamu, aone mizizi myeupe iliyojaa, kisha shina kutoka palipofurika muda wote, lenye mizizi ya kahawia iliyooza na kunuka.

Ndugu zangu, maji yakipungua magugu huongezeka, kwa hiyo palizi ianze siku ya 10 hivi baada ya kupandikiza na irudiwe kila baada ya siku 10 hadi majani yafunike ardhi. Hakuna mboji itakayomwokoa mkulima aliyechelewa kupalilia. Tena msichanganye aina, kwa maana mnunuzi wa mchele hai hulipia usafi wa aina pamoja na namna ulivyolimwa. Anayelenga soko la Umoja wa Ulaya ajue kwamba sheria zake zinadai miaka 2 ya mpito kabla ya kupanda zao la msimu, na katika kipindi hicho mpunga hauwezi kuuzwa kama mpunga hai, kwa hiyo apange fedha zake mapema.

Vuneni punje zikishakuwa za dhahabu kwa asilimia 80 hadi 85, zianikeni kwa tabaka jembamba mkizigeuza mara kwa mara hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 14, maana jua kali la ghafla hupasua punje na mashine humalizia kuzivunja. Mkifika kukoboa, dai mashine isafishwe mabaki ya mchele wa wengine kabla gunia lako halijafunguliwa.