Kuta za gemu zinacheza, fundi anataka kuichoma chipu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina laptopu ya mtumba yenye chipu ya grafiki ya NVIDIA. Gemu za mpira zinacheza vizuri, muvi hazina shida. Juzi nimeshusha mkusanyiko wa bure wa gemu za kutisha unaoitwa Haunted PS1 Demo Disc. Humo, kwenye gemu kadhaa, kuta zinatetemeka nikitembea, mistari ya sakafu inapinda na picha nzima ina chengachenga. Fundi wa mtaani kwetu ameangalia dakika moja tu akasema chipu inakufa, niiache aichome kwa bloa, elfu themanini. Nimwachie?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimwachie. Kwa hayo uliyoeleza, laptopu yako haiumwi. Unachokiona kimetengenezwa makusudi, tena kwa jasho.

Nimeshaulizwa jambo hili mara nyingi mno, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. PlayStation ya kwanza, ndiyo hiyo PS1 iliyo kwenye jina la mkusanyiko wako, ilitoka Japani Desemba 1994; ilikuwa na prosesa ya megahezi 33 na ushee na RAM ya MB 2. Umbo lolote la 3D ni pembetatu nyingi zilizoungana, na mashine ile iliweka kila ncha ya pembetatu kwenye pikseli nzima, yaani kitone kimoja kizima cha picha. Nusu pikseli haikuijua. Ukisogea kidogo, ncha inabaki pale pale; ukizidisha kidogo, inaruka pikseli nzima kwa mpigo. Zikiruka ncha mia kwa zamu tofauti, ukuta unatetemeka. Ile picha ya vigae nayo ilibandikwa sakafuni bila mashine kupiga hesabu kwamba upande mmoja uko karibu nawe na mwingine uko mbali, ndiyo maana mistari inapinda kama mkeka unaovutwa pembe moja. Chengachenga zinatokana na uchache wa rangi: vitone vya rangi mbili vilichanganywa ili jicho lidhani limeona ya tatu. TV za chogo zilivilainisha vitone hivyo. Kioo cha laptopu kinakuonyesha kimoja kimoja.

Watengenezaji wa leo wanaandika programu ndogo ndani ya gemu inayoilazimisha chipu ya grafiki ya kisasa ikosee vilevile. Wanajisumbua hivyo kwa sababu jicho lisiloona sawasawa linaogopa zaidi. Silent Hill ya mwaka 1999 ilijaza mji ukungu kwa kuwa mashine haikuweza kuchora mtaa mzima, na ukungu huohuo ndio watu wanaoukumbuka hadi leo. Chukua Iron Lung ya David Szymanski, ya mwaka 2022. Umefungiwa ndani ya nyambizi ndogo chini ya bahari ya damu, na dirisha la mbele limezibwa kwa chuma. Unakwenda kwa namba za ramani tu. Kuona nje, unabonyeza kitufe cha kamera, unasubiri, inatokea picha moja iliyoganda, imejaa chenga. Unaisogelea skrini hadi pua inakaribia kugusa kioo, unajiuliza kama ule ni mwamba au la. Safisha picha hiyo, na gemu yote imekwisha.

World of Horror ni kazi ya daktari wa meno wa Poland, Paweł Koźmiński, aliyeichora kwa MS Paint, ile ile tuliyochezea sote tulipokuwa tunajifunza kushika mausi. FAITH inamfuata kasisi mwaka 1987, kwa maumbo kama ya gemu za mwanzo wa miaka ya 1980 na sauti ya kompyuta inayokwaruza. Kijana mmoja aliniletea laptopu nimbadilishie spika kwa sababu ya sauti hiyo. Nilimwekea taarabu kwenye spika zile zile, akacheka, akaondoka na hela yake. Na kama una hela ya gemu moja tu, nunua Signalis ya mwaka 2022, iliyotengenezwa na watu wawili wa Ujerumani. Begi lako lina nafasi sita tu, na kila risasi unayoibeba unaifikiria.

Sasa kipimo, ambacho fundi wako alipaswa kukifanya kabla ya kutaja bei. Ndani ya gemu, simama, usiguse kitu. Kuta zikitulia papo hapo na kuanza tena ukitembea, huo ni mtindo wa gemu. Chipu mbovu haijali kama umesimama au unakimbia. Kisha toka, angalia desktopu, zima na uwashe huku ukitazama maandishi ya mwanzo kabisa. Chipu inayokufa hujionyesha huko: mistari ya wima, viboksi vya rangi za ajabu, kioo kuwa cheusi ghafla, mashine kuganda ikipata joto. Katika uliyonieleza, hakuna hata moja. Na gemu za mpira, zinazoitesa chipu kuliko hizo za kutisha, zinacheza.

Bloa ndiyo inayonikera kuliko yote. Moto ule huweza kuiamsha chipu iliyokufa kwa siku au wiki kadhaa, na hapo ndipo sifa za fundi zinapopatikana. Mteja anaondoka anashukuru, ugonjwa unarudi, anaambiwa "laptopu yako ilikuwa imechoka". Chipu isiyo na ubovu ukiipiga moto huo unaipeleka kaburini. Nimewahi kupokea laptopu ambayo soketi za plastiki kando ya chipu zilikuwa zimeyeyuka na vikapasita vidogo vimehama mahali pake. Nilimuuliza mwenyewe ilianza vipi. Akasema picha ilikuwa na ukungu ukungu. Rezolusheni, yaani wingi wa pikseli za picha, ilikuwa imeshushwa kwenye mipangilio, basi. Kazi ya dakika moja ikageuka ubao wa kutupa.

Kwa hiyo yeyote mwenye kompyuta, fundi akikutajia bei kabla hajakuuliza tatizo linatokea wapi na lini, chukua mashine yako. Yule anayekuuzia programu ya "kuongeza nguvu ya grafiki" mweke fungu hilo hilo, pamoja na anayekupa gemu iliyobanwa na kukuambia uzime antivirasi kwanza. Chipu haiongezwi nguvu kwa faili la kushusha, na asiyetaka antivirasi ione faili lake anajua ameficha nini.

Wewe baki na laptopu yako. Mtetemo ukikuumiza kichwa, tazama kwenye mipangilio ya kila gemu, baadhi zina sehemu ya kuupunguza au kuuzima. Ila jaribu kwanza usiku mmoja bila kuzima chochote, taa zimezimwa, hedifoni masikioni.