Jibu: Eaglehawk iliwahi kuwa na halmashauri yake?
Ndugu, umeuliza kama Eaglehawk, kule Victoria, Australia, ilikuwa mtaa wa Bendigo tangu mwanzo. Hapana, ilijitegemea, tena kwa muda mrefu. Dhahabu ilionekana 1852, na kufikia 1862 tayari walikuwa na manispaa yao. Bendigo yenyewe hadi 1891 ilikuwa ikiitwa Sandhurst, kwa hiyo ukisoma nyaraka za zamani usichanganyikiwe.

Mwaka 1994 serikali ya Jeff Kennett, waziri mkuu wa jimbo la Victoria, ilikuwa ikiunganisha halmashauri jimbo zima, kutoka 210 hadi 78. Eaglehawk, pamoja na halmashauri za jirani za Huntly na Strathfieldsaye, ikamezwa na halmashauri mpya ya Greater Bendigo. Ukumbi wao wa manispaa sasa ni sinema. Watu wanatazama filamu wamejilaza kwenye makochi. Na wenyeji bado wanauita mji wao Borough, yaani manispaa, ingawa hadhi hiyo ilishafutwa.