Mwisho wa mwaka bila kuhemewa: maji, pilau, pesa za korosho na tiketi ya kurudi

Desemba huku Kusini huja na mambo matatu kwa mpigo: malipo ya korosho, mvua za kwanza na wageni kutoka Dar es Salaam. Maswali ya mwezi huu yamefuata njia hiyohiyo.

Nyumbani tuko watano, wanakuja tisa kwa siku kumi. Nianzie wapi? (Mama wa Nachingwea)

Anza na maji, si chakula. Unga ukiisha utamtuma mtoto dukani. Maji yakikatika mkiwa watu 14, nyumba nzima itanuniana. Hesabu dumu moja la lita 20 kwa kila kichwa kwa siku, yaani madumu 14. Hayo yanatosha kunywa, kupika, kuoga kwa kopo na choo cha kumwaga maji. Kufua hakumo. Kwa hiyo shuka zote zifuliwe kabla hawajafika, na pipa lijazwe siku mbili mapema. Ya kunywa yachemke mpaka yatokote, kisha yakae kwenye ndoo yenye mfuniko na kopo lake maalumu.

Neti ni moja kwa watu wawili. Zitundike mchana; ukisubiri usiku ndipo utagundua misumari haipo na watoto wameshalala. Asubuhi usijitese na chapati kila siku: muhogo wa kuchemsha, chai na maembe ya msimu vinatosha.

Pilau yangu ya watu wachache hutoka vizuri, ila nikipikia 20 huwa mbichi juu na bokoboko chini. (Lindi mjini)

Kwa watu 20, mchele kilo 3, nyama yenye mifupa kilo 2 na vitunguu vikubwa vinane. Kosa liko kwenye maji. Wengi huzidisha maji kwa kadiri walivyozidisha mchele, lakini kwa kila kikombe cha mchele, sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kuliko ndogo, na maji hubaki mengi. Kilo 3 ni kama vikombe 15. Weka supu vikombe 22, ongeza viwili ikiwa mchele ni wa zamani, kwa kuwa hunywa zaidi ya mchele mpya. Supu iwe inachemka ndipo umimine mchele. Ikikaribia kukauka, punguza makaa chini, funika, weka mengine juu ya mfuniko na usikoroge tena. Kama sufuria inajaa kupita robo tatu, gawa mara mbili. Ni kazi zaidi, lakini hakuna anayekula mchele mbichi.

Sasa kiporo, maana hapo ndipo watu huumwa. Vijidudu fulani vya mchele hustahimili kuchemshwa, kisha huzaliana chakula kikikaa vuguvugu na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Pilau isikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, kama ilivyo huku mchana wa Desemba, saa moja tu. Usiingize sufuria nzima kwenye friji, katikati itabaki na moto hadi usiku. Itandaze kwenye sinia, kina kisizidi vidole vitatu, ipoe kwanza.

Nikinunua samaki wengi feri kabla bei haijapanda, umeme ukikatika itakuwaje? (Mikindani)

Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, bila kuzijaza hadi shingoni, zisipasuke zikiganda. Samaki watolewe matumbo na mashavu hapohapo feri, wasafirishwe na barafu, kilo kwa kilo. Jodari hasa asipigwe na jua: sumu inayowasha mdomo na kufanya uso uwe mwekundu haitoki kwa kukaanga.

Pesa za korosho huisha kabla ya Januari. Michango ya harusi, ngoma, ndugu… (Mkulima, Newala)

Panga kwa mnada, si kwa shilingi, kwa sababu bei hubadilika mnada hadi mnada. Malipo ya mnada mmoja yawe ya sare na daftari. Ya mwingine yawe ya shamba: palizi, kupogolea, na kupuliza salfa (dawa ya ukungu) mikorosho ikianza kutoa maua katikati ya mwaka. Haya yaandikwe kabla pesa haijaingia. Ikishaingia, kila shida huonekana ya haraka. Fungu la shamba lihamie akaunti isiyounganishwa na simu. Ndugu nao wawe na fungu lao. Likiisha, jibu ni “mwaka huu limeisha,” nalo halina ugomvi, kwa sababu ni kweli.

Mimi ni mke wa kaka mkubwa, sikukuu yangu ni jikoni. Nifanyeje? (Masasi)

Usiseme “nisaidieni”, hilo halimhusu mtu yeyote. Sema: “Wifi, vitunguu ni vyako, viwe tayari saa nne. Shemeji, madumu sita kabla ya jua kali.” Pika mara moja kubwa kwa siku, mchana. Jioni uji au mihogo, na aliyekula ndiye aoshe. Baada ya saa nane mchana jiko lifungwe hadi jioni, ukalale. Wanaume wa nyumba hii wana mikono, tumeambiwa.

Nikate lini tiketi ya kurudi Dar? (Mtwara)

Siku ileile unayokata ya kuja. Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, mabasi hujaa. Acha pia siku moja ya akiba kabla ya kazi: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Mtwara hadi Dar ilikatika upande wa Kilwa, na njia fupi ya lami ni hiyohiyo. Chakula cha njiani kiwe kikavu: korosho, mihogo ya kukaanga, maji lita mbili kwa mtu. Pilau ya jana ibaki nyumbani.